Nyumba ya Picha ni ya Nani?

Sisi tunaoshughulika na tenzi za kale tuna ada ya kuuliza, kabla hata ya kuuliza maana ya ubeti, mswada wake ulikuwa katika sanduku la nani. Ada hii imetokana na uchungu. Miswada mingi ya pwani yetu imo leo katika maktaba za London na Hamburg. Imetunzwa vyema, na kwa hilo hatuna la kulalamika. Lakini mjukuu wa mtunzi akitaka kuuona mkono wa babu yake hana budi kuandika barua ya kuomba ruhusa, tena kwa lugha isiyokuwa ya utenzi. Makala haya yanalichukua swali hilo hilo na kulipeleka mbali na bahari, hadi Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, na safari hii si juu ya maandishi bali juu ya picha. Mlima ule umewatoa wachoraji wawili ambao historia ya sanaa ya Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa bila wao. Umetoa pia chama cha wakulima ambacho kwa muda mrefu kilikuwa fahari ya Waafrika wa nchi hizi. Picha na chama vilikulia katika migomba ile ile, kizazi kile kile, wala havikuoana.

Wa kwanza ni Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame, mwaka 1923. Alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha huko mafunzo ya sanaa, akabaki kufundisha, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda London katika shule ya sanaa ya Slade. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alipelekwa London kuwa balozi wa kwanza wa nchi yake huko, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1964. Baadaye alisimamia mambo ya utamaduni serikalini na kufundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Wasomaji wa lugha wamkumbuke kwa jambo jingine: mwaka 1953 alichapisha kwa Kiswahili kitabu kidogo, Desturi za Wachagga, akawaeleza watu wa lugha pana mambo ya nyumbani kwao.

Na picha zake zilikuwa kitabu kile kile kwa rangi. Akiwa Kampala, akiwa London, akiwa Dar es Salaam, aliendelea kuichora Machame: watu wakivuna, wakifyeka, wakichunga, wakijenga, wakiitana kwa msaragambo. Watu wake ni wadogo na hawana nyuso za kutambulikana. Ukubwa amewapa migomba na mlima. Wako wahakiki walioona huo ni udhaifu wa mkono, wakasema anachora kitoto. Mimi naona ni uaminifu kwa kumbukumbu, kwa maana anayekumbuka kazi ya kijiji huikumbuka kama safu ya migongo iliyoinama, si kama sura ya fulani bin fulani. Mtunzi wa utenzi naye hamchori kila askari wa vita; humtosha kusema jeshi lilijipanga.

Picha moja ya Ntiro ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku, imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Ni heshima kubwa. Ila tuone jinsi heshima yenyewe ilivyokaa: mbege ya harusi ya kijijini, iliyochorwa na mtoto wa kijiji, ipo mahali ambapo wale wanaojua mbege ile ilibebwa vipi na kwa nini ilipelekwa usiku hawatafika maisha yao yote.

Wa pili ni Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932. Naye alipita Makerere, katika miaka ya 1950, na mwaka 1959 akamaliza kazi iliyomtangaza: picha tano kubwa juu ya kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, zikionyesha maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi msalabani. Yesu yule ni Mwafrika, na nchi anamotembea ni milima na mashamba ya Wakikuyu. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa katika vita vya Mau Mau, na kwa hiyo mchoraji alikuwa akipaka rangi mbele ya jeraha lililokuwa bado bichi.

Njau alikuwa na neno alilolirudia sana, kwamba mwenye kunakili humlaza Mungu usingizi. Neno hilo alilielekeza kwa wanafunzi wa Kiafrika waliofundishwa kuiga Ulaya, lakini pia kwa wale walioanza kuiga Afrika, yaani Afrika ya wageni, ya vinyago vya haraka na twiga wa jioni. Mwaka 1963 Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini alipofungua kituo cha utamaduni cha Chemchemi jijini Nairobi, Njau ndiye aliyeshika upande wa uchoraji. Mwaka 1965 yeye na wenzake, miongoni mwao mshairi Jonathan Kariara, mwandishi Hilary Ng'weno na mwanasheria Pheroze Nowrojee, wakafungua humo Nairobi nyumba yao wenyewe wakaiita Paa ya Paa.

Jina hili limenisumbua kama mfasiri. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni paa anayepaa. Mtu wa visiwani angesema paa anapaa, au kwa ufupi wa washairi, paa apaa. Hiyo ya si ya mnyama kwa ngeli yetu, wala si ya nyumba, kwani nyumba ina paa la nyumba. Na msomaji wa pwani hatakosa kusikia maana ya nne, ile ya mvuvi anayempaa samaki kwa kisu mpaka magamba yote yatoke. Zamani nilidhani kwamba kosa la ngeli linaliharibu jina. Sasa naona kwamba linaliachia mlango wazi, kila mtu aingie na paa wake.

Lakini nyumba ninayoitaka mimi ni nyingine. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Njau alianzisha kwao Marangu, chini ya kilele ambacho jina lake iliazima, Kibo Art Gallery, yaani nyumba ya sanaa ya Kibo. Tuwaze ujasiri wa jambo hilo. Nyumba za picha za Afrika Mashariki wakati ule zilikuwa za miji mikuu, zikitegemea wageni na mabalozi kununua. Yeye akaipeleka picha kijijini, kwenye kahawa na migomba, ambako mtazamaji wa kwanza ni jirani atokaye shambani na jembe begani. Ilikuwa ni kusema kwamba wachorwaji wana haki ya kuwa watazamaji. Ntiro aliichukua Machame akaipeleka ulimwenguni; Njau alijaribu kuurudisha ulimwengu Marangu.

Hata hivyo nyumba ya Kibo ilikuwa nyumba ya msanii. Ilisimama juu ya nia ya mtu mmoja na jamaa zake. Na hapa ndipo penye ajabu yangu, kwa sababu kama kuna mahali katika Afrika Mashariki ambapo watu walijua kumiliki kitu kwa pamoja, wakakiuza mbali na kugawana faida, basi ni hapo hapo.

Kabla ya kahawa kulikuwa na mifongo. Mfongo ni mfereji wa maji unaoshushwa kutoka mabonde ya juu hadi vihambani, nao ulikuwa mali ya wale ambao wazee wao waliuchimba. Ulikuwa na msimamizi wake, zamu zake za maji, na siku zake za kuusafisha, na asiyefika kazini alijua kwamba zamu yake ya maji imo hatarini. Kahawa ililetwa na mapadri wa Roho Mtakatifu waliopanda kutoka pwani na kukaa Kilema katika miaka ya 1890. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, afisa wa wilaya Charles Dundas aliwahimiza Wachagga wenyewe waipande, jambo lililowaudhi walowezi, ambao hawakupenda kuona Mwafrika akiuza zao lile lile wanalouza wao. Kujilinda, wakulima waliunda mwaka 1925 chama chao cha kwanza, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1932 ikatoka sheria ya ushirika ya Tanganyika, na mwaka 1933 KNPA ikarithiwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vilivyotawanyika mlimani kote.

Sitaki kukisifu chama hicho kupita kiasi. Mkulima alilazimishwa kukiuzia, na mwaka 1937 hasira zilifika mahali pa watu kuvamia maghala ya vyama. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vyote vikuu vya ushirika nchini, na viliporudi katika miaka ya 1980 havikurudi na nguvu zake zote. Lakini kilimfundisha mkulima jambo ambalo mchoraji hakulijua. Mkulima alipopeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi alipata malipo ya kwanza, kisha akasubiri. Kahawa ilipouzwa Moshi na mahesabu yakafungwa, ikaja bei ya ziada, malipo ya pili. Katika nyumba za Kilimanjaro watoto wengi walilipiwa ada ya shule kwa malipo hayo ya pili. Maana yake ni kwamba mtu aliyeuza kitu hakuwa amekatwa nacho. Kitu kikienda mbele kikapata thamani, sehemu ya thamani hiyo ilirudi kwake mlimani.

Picha haina malipo ya pili. Mchoraji akishaiuza, imekwisha.

Ili tuone kwamba hili si lazima liwe hivyo, twende mbali kidogo, katikati ya jangwa la Australia. Wenyeji wa asili wa bara lile, walionyang'anywa ardhi na kukusanywa katika makazi ya serikali na misheni, leo wana makumi ya vituo vya sanaa vilivyo mali yao wenyewe, vingi katika vijiji ambavyo mji wa karibu ni safari ya siku nzima. Cha zamani kuliko vyote ni cha Ernabella, kilichoanza mwaka 1948 kama chumba cha kazi za mikono katika misheni. Kinachojulikana zaidi kilizaliwa Papunya, kilomita zipatazo 240 kutoka Alice Springs. Mwaka 1971 mwalimu wa shule aitwaye Geoffrey Bardon aliwahimiza watu wachore kwa namna yao, na wazee wakachora juu ya ukuta wa shule hadithi yao ya sisimizi wa asali. Mwaka uliofuata, 1972, wachoraji wakaunda kampuni yao, Papunya Tula Artists, wanahisa wakiwa wao wenyewe.

Utaratibu wa vituo hivi ungeeleweka mara moja na karani yeyote wa chama cha msingi cha Marangu. Kituo humpa mchoraji turubai na rangi; hupokea kazi, huiandika jina la mchoraji, tarehe, na habari ya mahali na kisa kinachochorwa; humlipa; huiuza mjini au ng'ambo; na kinachobaki hurudi katika kituo. Wakurugenzi huchaguliwa na wanachama. Meneja aghalabu ni mtu wa kutoka nje, aliyeajiriwa na wenyeji, naye anaweza kufukuzwa na wenyeji. Hilo la mwisho si dogo.

Hata wao walichelewa kulipata lile la malipo ya pili. Johnny Warangkula Tjupurrula wa Papunya alichora mwaka 1972 picha ya chemchemi ya mvua ya Kalipinypa akalipwa dola 150. Mwaka 1997 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 200,000 za Australia, na mwaka 2000 ikauzwa tena kwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Mwenyewe alikuwa hai, mzee, fukara. Alifariki mwaka 2001. Picha nyingine, ya Clifford Possum Tjapaltjarri ya mwaka 1977, ambayo mwanzo iliuzwa kwa dola 1,200, ilinunuliwa mwaka 2007 kwa dola milioni 2.4. Kelele zilizofuata zilizaa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2010, inayompa msanii au warithi wake asilimia 5 ya bei ya kazi zinazouzwa tena. Kwa lugha ya mlimani, malipo ya pili yalifika, japo madogo, na wengi aliowastahili walikuwa kaburini.

Lakini lililonigusa zaidi si la mnada. Watu wa Kintore, magharibi zaidi ya Papunya, walikuwa wakiugua figo, na mgonjwa alilazimika kuhamia Alice Springs kusafishwa damu, akafia ugenini mbali na nchi aliyoichora. Mwaka 2000 wachoraji walichora picha kubwa za pamoja, zikauzwa mjini Sydney, zikaleta zaidi ya dola milioni moja. Kwa fedha hizo walianzisha huduma yao wenyewe, na mashine zikafika Kintore. Turubai lilirudi nyumbani likiwa dawa.

Tusidhani kwamba wale wametatua kila jambo. Picha za mwanzo za Papunya zilifichua alama ambazo hazikupaswa kuonwa na wanawake wala na vijana wasioingizwa jandoni, na watu wa makabila jirani walikasirika sana. Wachoraji wakaanza kuzifunika alama kwa vitone, na baadhi ya vile vitone ambavyo leo vinasifiwa duniani kama urembo vilianza kuwa pazia.

Kilimanjaro kulikuwa na jambo la namna hiyo. Kabla ya shule, vijana walifundishwa kwa mregho, fimbo iliyochorwa mikato mingi, kila mkato ukiwa somo. Mzee aliishika, akaugusa mkato mmoja mmoja na kuuimba somo lake, na kijana akajua yaliyopasa kujulikana juu ya mwili, ndoa, kuzaliwa na heshima. Nadhani ni haki kuuita mregho kitabu, na pia ni haki kuuita mchoro. Mchungaji Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig, aliyekaa Old Moshi hadi mwaka 1938, aliyaandika mafundisho hayo kwa juhudi isiyo na mfano na kuyachapisha Ujerumani katika majuzuu matatu. Bila yeye mengi yangepotea. Kwa yeye, yaliyokuwa ya kunong'onezwa vijana chini ya migomba yakawa ya kila mwenye tikiti ya maktaba, kwa Kijerumani. Anayetaka mlima uwe na nyumba yake ya picha atalikuta swali hili mlangoni: yako ya kuonyesha na yako ya kufunika, na anayeamua ni nani?

Huku kwetu Tanzania mfano wa karibu wa wachoraji kujimiliki haukutoka mlimani, ulitoka kwa watu wa kusini waliohamia Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mwishoni mwa miaka ya 1960, akauawa mwaka 1972. Jamaa na wanafunzi wake waliendelea pamoja, na mwaka 1990 walisajili chama chao cha ushirika. Hawakuwa na mlezi mwenye shahada. Wengine walikuwa ni watu waliokosa kazi, wakaona ubao na rangi ni kazi. Chama kiliwapa paa, na mara hii simaanishi mnyama. Hakikuwapa ulinzi dhidi ya wanaowaiga. Ndege na chui wa Tingatinga wanachorwa leo na kila mtu, kutoka Unguja hadi Mombasa, na jina la mwanzilishi limekuwa jina la bidhaa.

Bidhaa hiyo imefika Moshi pia. Anayepita barabara ya kwenda lango la Marangu, ambako wapanda mlima huanzia safari, huona vibanda vya picha: Kibo na theluji yake, ambayo inazidi kupungua mlimani ila haipungui katika picha, Mmasai na mkuki, tembo. Siwalaumu wanaochora. Theluji inauzwa na mtoto anataka kula. Ila ni vigumu kutoliona hili, kwamba chini ya mlima ule ule ambako Njau alihubiri dhidi ya kunakili, picha inayouzika zaidi ni nakala ya nakala, na haina jina nyuma yake, wala tarehe, wala kisa. Karani wa Papunya asingeipokea. Karani wa kahawa naye asingepokea gunia lisiloandikwa mkulima.

Nimewahi kuambiwa na msomi mmoja kwamba chama cha picha kisingewezekana Kilimanjaro kwa kuwa kahawa hupimwa kwa kilo na picha haipimiki. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Wazee wa jangwani hawakuwa na mizani ya picha. Walikuwa na kitu kingine: kila picha ilikuwa ni ya mahali fulani, na mahali hapo palikuwa na wenyewe, na wenyewe walijuana. Mtu hakuweza kuchora chemchemi ya mwenzake bila ruhusa. Umiliki wa picha ulitangulia soko, soko lilipokuja likaukuta. Mlimani, mwenye kihamba alijua mpaka wake hadi kwenye sale, ule mmea wa mipakani, na alijua zamu yake ya maji. Lakini picha, kwa namna ya turubai na fremu, ilikuja na shule. Ilikuja ikiwa tayari ni kipaji cha mtu binafsi, anayepelekwa Makerere na kutoka huko akiwa na jina. Ntiro na Njau walichora umoja wa kijiji kwa mkono ambao shule iliufundisha kutia sahihi peke yake.

Nyumba ya Nairobi ilihamia Ridgeways, nje kidogo ya mji, na mwaka 1997 iliungua. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya hazina iliyokusanywa kwa zaidi ya miaka thelathini, kazi za wasanii wa Afrika Mashariki na wa mbali, na vitabu. Njau na mkewe Phillda waliendelea kuishi na kufanya kazi pale pale, miongoni mwa yaliyosalia.

Ule ukuta wa shule ya Papunya, ulipoanzia yote, ulipakwa chokaa juu yake katikati ya miaka ya 1970, na leo wanaotaka kumwona sisimizi wa asali wanamwona katika picha za kamera. Kuta za Murang'a zipo. Hazikuwahi kupigwa mnada, kwa kuwa haziwezi kubandulika. Mchoraji wa Marangu alilipwa mara moja, nazo zikabaki kwa watu ambao misiba yao ilizifanya zichorwe. Jumapili asubuhi wanaingia, wanakaa chini yake na watoto wao, na aghalabu hawaziangalii.